Kutu ya Teresia

Katikati ya mstari wa saba, Teresia alisimama. Hakusimama kunyoosha mgongo kama wengine. Alisimama kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia. Aliegemea mpini wa jembe na kuyatazama mahindi ya jirani yake Cicily, ambayo yalikuwa yamefika magotini na sasa yalicheza mbele ya macho yake kama yamo ndani ya maji.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wakipalilia shamba hilo asubuhi hiyo ya Novemba. Hapo Manyatta, Embu, kundi lao liliitwa irima, kama lilivyoitwa na nyanya zao: leo tunamlimia huyu, kesho yule, hadi kila shamba lipate zamu yake. Hakuna aliyelipwa. Malipo ya mtu yalikuwa migongo ya wenzake siku yake ikifika. Teresia alikuwa ameliongoza kundi hilo kwa miaka tisa, na sheria yake ilikuwa moja, aliyoitunga mwenyewe: asiyelima halimiwi.

"Pumzika tu, Mama Lorna," Cicily alisema bila kuinua macho. "Huo mstari wako nitaumalizia."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Teresia. Cicily hakuwa mtu wa upole.

Wakati wa chai waliketi kwenye ukingo wa shamba, na Cicily akapiga magoti kumimina kwenye vikombe. Alimpa Teresia kwanza.

"Tumeongea kidogo," alisema.

"Mmeongea lini, na mimi niko hapa?"

"Tumeongea tu. Tumeona wewe uwe wa kupika. Sisi tulime, wewe upike. Shamba lako tutalima vilevile."

Teresia alishika kikombe kwa mikono miwili. "Wawira huyu alipokuwa na mimba ya miezi minane alipika. Mama mkwe wako kabla hajafa alipika. Mimi ni yupi kati ya hao?"

"Aa, Mama Lorna. Usikasirike."

"Sijakasirika. Nauliza."

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kila mmoja pale aliwahi kuachwa nyuma naye shambani. Teresia alikunywa chai yake yote kabla ya kusema tena.

"Palizi ya mvua za Aprili nitashika mstari wangu, kichwa hadi mwisho, bila mtu kunimalizia. Nikishindwa, futeni jina langu. Sitaki kulimiwa kwa huruma."

---

Muuguzi wa zahanati alikuwa Kajuju, msichana wa Nkubu kule Meru, aliyekuwa na mwaka mmoja tu hapo Embu. Alimpandisha Teresia kwenye mizani. Mshale ulikimbia hadi mia moja na ishirini, ukagonga chuma, ukatulia.

"Imefika mwisho," Kajuju alisema polepole.

"Sasa?"

"Nahitaji uzito kamili, mama. Dawa na mambo mengine hupimwa kwa uzito. Hapo kiwandani wana mizani kubwa. Kama hutajali..."

Kiwanda cha kahawa kilikuwa ng'ambo ya barabara, na siku hiyo wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao. Teresia alijali sana. Lakini alivuka barabara akiwa amenyoosha shingo, Kajuju nyuma yake, akapanda juu ya ile sahani ya chuma panapowekwa magunia. Karani alisogeza vyuma vyake, akachungulia, na kwa mazoea ya miaka mingi akapaza sauti kama anavyoitangaza kahawa ya kila mtu:

"Mia moja ishirini na saba!"

Foleni nzima ilisikia. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akageuka kutazama mlima. Karani mwenyewe alifunika mdomo kwa daftari.

"Andika zote," Teresia alimwambia. "Kahawa yangu mmezoea kuipunja. Mimi msinipunje."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Aliposhuka, alishika bega la Kajuju hadi wakavuka barabara.

Zahanatini, benchi la nje lilikuwa na watu zaidi ya thelathini wakisubiri. Kajuju alieleza kwa haraka. Sukari ilikuwa imekaribia mpaka. Presha ilikuwa juu. Mafuta yakizidi sana mwilini, alisema, kuna uharibifu fulani unaotokea ndani, wa taratibu, unakula mishipa, unakula ini, na mtu anaona tu amechoka.

"Ni kama kutu, mama. Mwili wako unashika kutu."

"Kutu?"

"Kutu. Na dawa yake ya kwanza ni kula vizuri."

Akampa karatasi yenye picha za vyakula, maelezo yakiwa kwa Kiingereza, akamwita mtu wa pili.

---

Njeru, mume wa Teresia, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma sokoni. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa cheche, na jambo lililompa fahari kuliko mageti yote aliyotengeneza lilikuwa umbo la mke wake. Mtu akimwona Teresia, alipenda kusema, hana haja ya kuuliza kama Njeru ana kazi. Teresia alimkuta akikata bomba.

"Sista anasema nimeshika kutu."

Njeru aliinua kinyago chake. "Kutu?"

"Mwilini."

Alizima mashine, akavuta ndoo, akamkalisha. "Basi hapo umefika kwa daktari mwenyewe. Kutu naijua. Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Ondoa kimoja, hakuna kutu."

"Hewa siwezi kuacha."

"Maji pia huwezi. Inabaki chuma."

"Na chuma kiko wapi mwilini, Baba Lorna?"

Njeru alikuna kidevu. Ni Teresia aliyekumbuka. Alipokuwa na mimba ya binti yao Lorna, kila kliniki waliimbiwa wimbo mmoja: kuleni mboga za majani, managu, terere, kunde, maharagwe, maini, vyakula vyenye madini ya chuma. Walitazamana kama watu waliomkamata mwizi ndani ya jiko lao.

"Miaka ishirini," Teresia alisema, "nimekuwa nikijilisha chuma."

"Na bawaba za geti nikimaliza huwa nazifanya nini?"

"Unazipaka mafuta."

"Kwa nini?"

"Zisishike kutu."

"Basi," Njeru alisema, akafungua mikono.

Haukuwa upumbavu. Watu wawili waliketi wakafikiri kwa utaratibu, hatua moja ikishika mkono wa nyingine, na kila hatua ilikuwa ya kweli ndani ya karakana. Na sista mwenyewe alikuwa amesema kula vizuri. Nani hajui maana ya kula vizuri? Kula vizuri ni wali, ni chapati zinazong'aa, ni viazi vya kukaanga na nyama yenye mafuta. Majani ni chakula cha siku mtu hana kitu.

Siku hiyohiyo Teresia aling'oa managu yaliyoota yenyewe nyuma ya jiko akampa mbuzi. Githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ikaondoka kwa sababu ya maharagwe yake. Na Jumapili moja Mwaniki, mwimbaji mwenzao wa kwaya aliyeuza dawa za lishe kutoka kwenye mkoba, aliposikia neno kutu, alitoa kopo la vidonge vya rangi ya dhahabu.

"Vitamini E," alisema. "Hii ndiyo inapigana na kutu ya mwili. Ona, ndani ni mafuta matupu."

Njeru aliinua kidonge kwenye mwanga. Mafuta matupu. Alilipa shilingi elfu tatu na mia tano bila kuomba kupunguziwa, mbele ya kwaya yote, na akatembea kurudi nyumbani kama mtu aliyenunua ng'ombe.

---

Kufikia Februari Teresia hakuweza kupanda kutoka kisimani bila kupumzika mara tatu. Alikuwa akimeza vidonge viwili, kisha vitatu kwa siku. Kucha zake zilikuwa zimebadilika, zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: harufu ya ukuta wa jiko unaponyeshewa ilimtia mate mdomoni. Alikuwa akivunja vipande vidogo vya udongo na kuviweka mfukoni mwa aproni.

Alianguka kanisani, kwenye ngazi, baada ya sadaka. Njeru na Mwaniki walimwinua, na kumwinua hakukuwa rahisi. Ilibidi waite wanaume wengine wawili. Teresia alifumba macho muda wote, ingawa alikuwa amezinduka.

Kesho yake walikuwa mbele ya Kajuju, mume na mke. Kajuju alipima damu, akatazama namba, akapima tena.

"Damu yako ni nane na nusu. Ilikuwa kumi na mbili." Alivuta ukope wa chini wa Teresia, akaangalia kucha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, umeanza kutamani udongo?"

Njeru alimgeukia mke wake. "Udongo gani?"

Mkono wa Teresia uliingia mfukoni, ukatoka na kipande cha ukuta, ukakiweka mezani. Njeru alikitambua. Jiko hilo alilikandika mwenyewe.

"Nieleze unakula nini," Kajuju alisema. "Kila kitu. Usiniogope."

Njeru ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa fahari ya fundi anayeonyesha kazi yake: chuma, maji, hewa, majani yameondolewa, mafuta yameongezwa, vidonge hivi hapa. Aliweka kopo kando ya udongo. Kajuju aliweka kalamu chini, na sauti ya Njeru ikapungua, hata mwishoni akawa anasema kama anauliza.

Kajuju hakucheka. Aliinuka akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilisema neno moja nikaita mtu mwingine."

"Kwa hivyo si kutu?" Teresia aliuliza.

"Ni kama kutu. Si kutu ya geti. Chuma cha chakula ndicho kinachotengeneza damu yako. Umekiondoa, damu imepungua. Mafuta umeyaongeza, na ni mafuta hayo yaliyozidi yanayozidisha huo uharibifu. Uzito nao, hapo kiwandani asubuhi hii, umeongezeka kilo nne."

Njeru alitazama viatu vyake. Vidole vyake viligusa kopo, vikaliacha.

"Na hivi vidonge?"

"Vitamini E ni kitu cha kweli, baba. Mwaniki hajadanganya jina." Kajuju alitafuta maneno, na safari hii hakuwa na haraka. "Ngoja. Hiyo vitamini inakaa kwenye mafuta ya mwili, inalinda hapo. Uharibifu ukija, inajitoa, inaupokea yenyewe. Lakini ikishaupokea, imechoka. Haiwezi tena. Sasa kuna nyingine, vitamini C, ya mapera, machungwa, majani mabichi. Hiyo inakuja inaichukulia mzigo, ile ya kwanza inaamka inarudi kazini. Na hiyo ya pili ikichoka, kuna nyingine za kuisaidia. Kila rangi ya chakula ina walinzi wake: karoti, nyanya, papai, managu. Ukituma mmoja peke yake, hata umtume mara tatu kwa siku, atachoka na hakuna wa kumpokea. Na aliyechoka peke yake wakati mwingine anaongeza fujo. Wataalamu bado wanachunguza, hawajamaliza kubishana. Lakini si kazi ya mmoja, hilo wanakubaliana."

Teresia alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu ngazi za kanisa akamtazama mtu machoni.

"Hiyo ni irima," alisema.

"Ni nini?"

"Kwenu Meru hamna? Leo mnanilimia, kesho tunakulimia. Mmoja akichoka kuchimba, mwingine anashika jembe, yeye anapumzika anapanga magugu, halafu anarudi. Mtu mmoja ukimpa eka mbili peke yake, utamzika humo."

"Ndiyo," Kajuju alisema. "Ndiyo, ni hivyo."

"Basi ungesema irima, sista. Umesema kutu, na mimi nimeolewa na fundi wa chuma. Ungesema irima."

Kajuju alimsogezea kalamu. "Niandikie hilo neno. Na ukipata nguvu, uwaambie walio kwenye benchi hapo nje. Nimekuwa nikiwaambia kutu tangu mwaka jana."

Teresia alisimama akishika kona ya meza. Alikuwa na damu ya nane na nusu na aibu ya udongo, lakini alitengeneza kilemba chake kabla ya kufungua mlango. "Nani hapa ameambiwa ana kutu?" aliuliza benchi. Mikono minne ikainuka, mmoja baada ya mwingine, na mwanamke wa mwisho akasema, "Mimi niliacha maji."

---

Alipewa vidonge vya chuma na akaambiwa avimeze na pera au chungwa, kwa maana hata chuma huingia vizuri kikisindikizwa. Managu yalirudi. Githeri ilirudi, na kipande cha parachichi juu yake, kwa kuwa mafuta hayakufukuzwa yote. Rangi ya karoti haiingii mwilini bila mafuta kidogo ya kuibeba. Chapati ikawa ya Jumapili, moja. Jioni Teresia alitembea hadi daraja na kurudi.

Aliyeteseka zaidi sasa alikuwa Njeru. Buchani alikuwa akiagiza kilo mbili. Siku alipoagiza nusu, mwenye bucha aliweka kisu chini.

"Njeru, umefilisika? Nasikia kwako ni majani kama kwa sungura."

"Nusu kilo."

"Na mama naye naona nguo zinamlegea. Unamlisha kweli?"

Wanaume waliokuwa wakila supu walicheka. Njeru alichukua nyama yake akaondoka bila kujibu, na usiku kucha akajigeuza kitandani. Asubuhi alimkuta Teresia akichambua terere.

"Watu wanasema sikulishi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilikuwa nikikuona unaongezeka, najua nafanya kazi," alisema. "Sasa nitajuaje?"

Teresia aliendelea kuchambua. "Nitembee na wewe hadi sokoni," alisema mwishowe. "Bila kusimama njiani. Utajua hapo."

Walitembea. Ni kilomita moja na nusu, nusu yake mlima. Njeru ndiye aliyesimama kwanza, akijifanya anatafuta jiwe kiatuni. Mbele ya bucha Teresia aliwasalimia wanaume wa supu kwa majina yao, mmoja mmoja, pumzi ikiwa tele kifuani. Wiki hiyo Njeru alikata vipande vya chuma vilivyobaki kwenye mageti, akazungushia uani kitalu cha managu, na akaupaka ule uzio rangi ya kijani. Hakuna mbuzi aliyefika tena pale.

---

Palizi ilianza Mei. Siku ya kwanza ilikuwa kwa Wawira, shamba refu linaloteremka hadi mtoni. Teresia alikuwa na kilo mia moja ishirini na mbili na damu ya kumi na moja na nusu. Karani wa kiwanda alimwandikia uzito huo kwenye karatasi ndogo bila kuutangaza.

Cicily, aliyeshika uongozi tangu Novemba, aligawa mistari. Alipofika kwa Teresia alisita, kisha akamwonyesha mstari mfupi ulioishia kwenye mgomba.

"Huo ni wa mtoto," Teresia alisema, akaenda kusimama kwenye mmoja ulioshuka mpaka chini.

Walianza pamoja. Kufikia robo alikuwa nyuma. Kufikia nusu, mgongo wa aliye karibu naye ulikuwa mbali hatua ishirini. Hakukimbiza mtu. Alipiga jembe, akavuta, akatikisa magugu, akapiga tena. Pumzi ilipopanda alipunguza mwendo, lakini jembe hakuliweka chini. Jua lilipanda. Mmoja mmoja wengine walifika mwisho, wakanyoosha migongo, wakaenda kuketi penye sufuria. Njeru, aliyekuwa amemletea Wawira magunia kwa pikipiki, aliona mke wake peke yake katikati ya mahindi, akaokota jembe la mtu na kuingia mstarini kutokea chini.

"Toka," Teresia alisema.

"Nikusogelee tu kidogo."

"Njeru. Toka kwenye mstari wangu."

Alitoka. Aliweka jembe alipolitoa na kusimama kando, kofia mkononi, na wanawake walipomtazama waliona kwamba anatabasamu kama mtu anayetazama geti lake likifunguka bila kelele.

Ilimchukua karibu saa nzima zaidi. Mapigo matano ya mwisho aliyapiga taratibu, moja, na moja, na moja. Kisha akapanda kuelekea kwa wenzake, uso umelowa, na hakuketi.

"Umemaliza," Cicily alisema. "Sote tumeona. Chukua tena uongozi wako."

"Kiongozi wa irima humaliza wa kwanza," Teresia alisema. "Leo wa kwanza ni nani?"

Cicily alitazama chini. "Ni mimi."

"Basi kiongozi ni wewe, na sikupi zawadi. Mimi ni wa kumi na moja. Andika jina langu mwisho, lakini andika." Alijipangusa uso kwa kanga. "Kesho ni zamu ya shamba la nani?"

Cicily alihesabu kwa vidole, ingawa kila mtu alijua. "Ni lako, Mama Lorna."

"Saa moja asubuhi, basi," Teresia alisema, akachukua sahani yake na kuketi katikati yao. "Atakayechelewa nitampa upande wenye mawe."